Sabato Sita za Rusinga

"Huyu ndiye Akoth," Boke aliwaambia wageni wake, mkono wake begani mwangu. "Tulikuwa pamoja Homa Bay tukiwa wasichana. Yeye ndiye alikuwa ananibebea begi tukizunguka Rusinga." Wageni wakacheka kwa upole na kupiga makofi, na mimi nikapiga pia. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba mikono yangu iliungana na ya wengine kabla kichwa hakijaelewa kilichosemwa. Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Migori, baada ya misa ya shukrani. Boke alikuwa anastaafu kazi ya kupiga picha za magazeti, na alikuwa amenitafuta kwa simu wiki tatu mfululizo hadi nikakubali kuja. Nilikuja na Mama Risper, shemasi mwenzangu kanisani, kwa sababu siku hizi magoti yangu hayataki safari za upweke. Tuliketi mezani mbele ya ugali wa wimbi na mhogo na kuku wa kienyeji. Mama Risper akaniinamia akaniuliza, "Kumbe ulikuwa unabeba begi? Hukuniambia." Nikamwambia ale kabla chakula hakijapoa. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilidhani nimepoa. Nilikuwa nimejidanganya kwa karibu miaka thelathini, na ilichukua sentensi moja tu kunionyesha.

Basi niuseme mwaka wenyewe. Ulikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi na Boke tulikuwa tukifanya kazi katika studio ya picha ya Mzee Nahashon mjini Homa Bay, karibu na soko. Mbele kulikuwa na kaunta na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiibwe. Katikati kulikuwa na pazia lililochorwa ndege inayopaa, na koti moja jeusi la kuazimwa na kila mwanamume aliyetaka picha ya kitambulisho. Koti hilo lilipigwa picha nyingi kuliko mtu yeyote wilayani. Nyuma kabisa, kando ya ukuta wa mbao nyembamba, kulikuwa na chumba cha giza, na humo ndimo nilimoishi mimi. Picha za rangi zilipelekwa Kisumu, lakini nyeusi na nyeupe tulizisafisha wenyewe, na Mzee alikuwa amenifundisha kazi hiyo hadi nikaijua kwa pua. Boke alikaa mbele. Alikuwa Mkuria wa kule Migori, mrefu, mwenye sauti ya kujaza chumba, na hakujua Kijaluo zaidi ya salamu na bei ya samaki. Wateja walimpenda hivyo hivyo. Mtoto aliyekataa kucheka kwa mama yake alicheka kwa Boke.

Tulipanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho. Kuta zilitetemeka kuanzia asubuhi hadi saa kumi, na kila kitu tulichokula kilikuwa na ladha kidogo ya unga wa watu wengine. Tulikuwa na jiko moja, sufuria mbili, na kitanda kimoja tulicholala mzungu wa nne kwa sababu Boke alikuwa akipiga mateke. Jioni tulikula omena, wale dagaa wa ziwani, wa kukaangwa na sukuma wiki, tukiwasikiliza jirani zetu, mume na mke, wakigombana kuhusu dada ya mume ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Boke aliniomba nimtafsirie ugomvi huo neno kwa neno. Nilimtafsiria, na mara nyingine nikaongeza chumvi, naye akicheka akiuma shuka ili wasimsikie. Mkononi alikuwa na rozari ya mbegu za mti, ameizungusha mara mbili kwenye kifundo. Sista mmoja alimpa alipomaliza shule, na hakuivua hata akifua. Mimi Msabato sikuwahi kuvaa hata hereni. Nilikuwa nikiitazama rozari ile nikilala, ikiwa karibu na miguu yangu, na nikijisikia salama nayo kwa namna ambayo nisingethubutu kumwambia mchungaji wangu.

Mwezi wa tatu alikuja studio mama mmoja wa shirika lililoshughulika na mambo ya ziwa. Walitaka picha kumi na mbili za njia ya kuzunguka kisiwa cha Rusinga, njia ile ya miguu inayopita ufukweni, malishoni na katikati ya maboma ya watu, wazitie kwenye kalenda. Yeyote aliye na kamera angeweza kuleta zake. Atakayechaguliwa angepelekwa Nairobi mwaka mzima kusomea upigaji picha. Nafasi ilikuwa moja. Usiku huo hatukulala. Boke alikuwa na kamera aliyoachiwa na yule sista, lakini alikuwa akipiga watu miguu bila vichwa. Mimi nilikuwa na jicho. Sisemi hivi kwa majivuno ya uzeeni. Hata Boke alisema. Tukakubaliana tutapiga pamoja, tutaandika majina yote mawili nyuma ya kila picha, na hao wenye shirika wataamua wenyewe namna ya kugawa nafasi moja kwa wasichana wawili. "Hawawezi chukua mmoja waache mwingine," Boke alisema. "Sisi ni kama kiatu. Nani atanunua moja?" Nilitaka Nairobi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka kutoka kwenye chumba cha giza na kuwa yule mtu anayesimama nje kwenye mwanga akiamua kipi kionekane.

Shida ilikuwa siku. Mzee Nahashon alikuwa mzee wa kanisa letu, na studio ilifungwa Ijumaa saa sita ili watu wajiandae kwa Sabato. Jumapili ilifunguliwa saa nane, Wakatoliki na Waanglikana wakitoka makanisani na nguo zao nzuri. Kwa hiyo siku pekee tuliyokuwa huru ni Jumamosi, siku ambayo mimi sikuruhusiwa kufanya kazi. Mzee mwenyewe ndiye aliyetupatia filamu, zile zilizopita tarehe, na alipotupatia alitutazama juu ya miwani. "Boke ni mtoto wa Papa," akasema, "Mungu atampima kwa kalenda yake. Lakini wewe, Akoth, kidole chako kisiguse hiyo mashine siku ya Bwana. Kutembea, tembea. Kuangalia uumbaji, angalia. Umenisikia?" Nikamwambia nimesikia. Mzee huyo ndiye aliyeniandikia barua ya kazi, ndiye aliyeniingiza kwenye kwaya, na mkewe ndiye aliyenishonea sare ya kuimbia. Neno lake moja lingenirudisha nilikotoka.

Boke ndiye aliyepata suluhisho, tukiwa tunachambua omena mlangoni. "Wewe angalia," akasema, "mimi nifinye." Nikauliza vipi. "Wewe unatafuta picha, unaniambia nisimame wapi, nishike namna gani, nifinye saa ngapi. Kidole ni changu. Macho hayafanyi kazi, si hata kanisani unaangalia?" Nililifikiria jambo hilo siku mbili. Halafu nikaona kwamba hakika macho hayafanyi kazi. Vijana wa leo nikiwasimulia hucheka, lakini nenda kaulize Msabato yeyote wa umri wangu: sote tulikuwa na jirani au mfanyakazi asiye wa imani yetu wa kuwasha jiko siku ya Sabato. Mimi nilikuwa na Boke wa kufinya kamera.

Tulikwenda Sabato sita. Ijumaa mchana tulifika Mbita, tukavuka kwa miguu ile barabara ya mawe inayounganisha mji na kisiwa, na kabla jua halijazama tulikuwa tumeshafika kwa Dani Persila, yaani Bibi Persila, mjane wa kanisa letu aliyetupa kona ya sebule yake. Nyumba ilinuka moshi na samaki waliokaushwa, na mkeka wetu ulikuwa chini ya dirisha dogo lililotazama maji. Dani alipika chakula cha Sabato mapema, viazi vitamu na maharagwe, akavifunika kwa blanketi ili visipoe hadi kesho. Asubuhi nilikwenda naye kanisani. Boke alibaki akisuka mkeka uliofumuka, jambo lililomfurahisha Dani na kumhuzunisha pia, kwa kuwa ulikuwa mkeka wake na ilikuwa Sabato. Baada ya chakula cha mchana tuliingia njiani.

Nikifumba macho nayaona matembezi yale vizuri kuliko njia ninayoipita leo kwenda dukani. Kila juma tulianzia pale tulipoishia juma lililopita. Njia ilipita kati ya nyavu zilizoanikwa, ikapanda mawe, ikaingia ndani ya maboma ya watu. Hapo nilitangulia mimi, nikapiga hodi kwa Kijaluo langoni, nikaeleza sisi ni nani na kuomba ruhusa ya picha, kisha tukatokea lango lile lile tuliloingilia na kuzunguka ua kwa nje, kwa sababu mgeni mwenye adabu hapenyi kwenye upenyo wa nyuma kama mwizi wa kuku. Boke aliona ni kupoteza wakati. Nilimwambia kisiwa hiki kitatukumbuka, na ni mimi watakayemlaumu, maana jina langu ndilo wanaloweza kulitamka. Halafu nikitoka tu nje ya ua nilikuwa nikiona. Sijui niliseme vipi. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akiziba mtumbwi kwa pamba, na kivuli cha mtumbwi kilimfunika nusu ya uso. Nilimshika Boke mabega nikamsogeza hatua mbili kushoto. "Piga magoti. Chini zaidi. Ngoja ainue nyundo. Ngoja. Sasa." Akafinya. "Umeona nini?" akaniuliza. "Utaona Jumatatu," nikamwambia. Na Jumatatu, kwenye taa nyekundu, karatasi ikielea ndani ya dawa, nilikuwa nikimwita aje aone, naye akisimama nyuma yangu kidevu juu ya bega langu. "Kumbe," akisema. "Kumbe hii ndiyo ulikuwa unaona." Nafikiri huo ndio urafiki mkubwa zaidi niliowahi kuwa nao na mtu. Nasema hivyo nikijua yaliyofuata.

Sabato ya sita tulikuwa upande wa kisiwa unaotazama ziwa pana. Pwani nzima ilikuwa imetandikwa nyavu za omena wakikauka, zikimetameta hadi macho yakauma. Tulikuwa na filamu iliyobaki picha nne au tano. Mawingu yalikuja kwa ghafla kutoka ziwani, na mvua ikaonekana ikitembea juu ya maji kuja kwetu. Wanawake wakaanza kukimbia. Omena wakilowa ni hasara ya juma zima. Mama mmoja aliyekuwa peke yake na wavu mkubwa alituita, "Nyithinda, biuru, koth biro," wanangu, njooni, mvua inakuja. Boke hakungoja nimtafsirie. Alinivika kamera shingoni akakimbia, akashika ncha moja ya wavu na mama yule akashika nyingine, wakauinua kwa pamoja, na omena wote wakaruka juu, maelfu, weupe kabisa mbele ya lile wingu jeusi. Na mimi nikainua kamera nikafinya.

Sikufikiri. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kama nilifikiri, hata kidogo, na sikufikiri. Mwokozi aliruhusu ng'ombe atolewe shimoni siku ya Sabato, na ningekwenda kushika wavu ningekuwa sina hatia mbele ya mtu yeyote. Badala yake Mkatoliki ndiye aliyesaidia, na mimi Msabato nikasimama kwenye mchanga nikafanya kazi. Boke alirudi ameloa, magamba yamemkaa hadi kwenye nyusi, akaitazama kamera, akanitazama. "Umefinya," akasema. Nikaanza kulia. Akanikumbatia pale kwenye mvua, akaniambia, "Hakuna mtu ameona. Mimi nimeona, na mimi si mtu, mimi ni Boke. Tutasema ni kidole changu." Nilimshukuru kwa maneno hayo. Nilimshukuru sana, ujue.

Juma lililofuata tulizisafisha za mwisho, tukachagua kumi na mbili. Alhamisi nilikuwa chumba cha giza nikizikuza zile kumi na mbili, Boke akiwa mbele, na ya omena niliiweka mwisho. Nilitumbukiza karatasi kwenye dawa, nikaanza kuitikisa sahani taratibu. Ndipo nikasikia sauti ya yule mama wa shirika upande wa pili wa mbao, akizungumza na Boke. Alikuwa amepita kuuliza tumefika wapi. Nilitaka kutoka nimsalimie, lakini mtu hawezi kufungua mlango wa chumba cha giza karatasi ikiwa ndani ya dawa. Mwanga ukiingia, picha imekufa. Kwa hiyo nilisimama, mikono yangu kwenye sahani, nikasikia kila neno. Yule mama aliuliza kama hizi zilizokwisha kukauka ni za Boke. "Ni zangu," Boke akasema. Akauliza, na yule msichana mwingine? Nilimsikia Boke akizipanga picha upya kwenye kaunta. "Akoth? Huyo ananisaidia kubeba begi. Pia ananitafsiria, unajua hawa watu wa kisiwa hawajui Kiswahili sana." Chini ya mikono yangu picha ilikuwa inatokea. Kwanza wingu, halafu omena hewani, halafu uso wa yule mama wa wavu umefunguka mdomo. Na mwisho kabisa, pembeni kushoto, mkono mrefu umeshika ncha ya wavu, na rozari imezungushwa mara mbili kwenye kifundo.

Nilipotoka yule mama alikuwa ameondoka. Nilizigeuza zile picha kumi na moja zilizokauka. Nyuma ya kila moja, kwa mwandiko mzuri wa Boke, kulikuwa na jina moja. Nilimuuliza kwa nini. Hakupandisha sauti, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. "Nafasi ni moja, Akoth. Amesema hawawezi kupeleka wawili. Wewe ulisema mwenyewe ni kidole changu." Nikamwambia jicho lilikuwa langu. "Basi andika hapo nyuma, jicho," akasema. "Wataweka wapi?" Jioni hiyo tulikula ugali, na kwa mara ya kwanza jirani zetu wakagombana na hakuna aliyetafsiri.

Nilikwenda kwa Mzee Nahashon. Nilimwambia picha ni za wote wawili na Boke anataka kwenda na zote. Mzee alikuwa mtu wa haki. Alimwita yule mama wa shirika, akatukalisha sote wanne pale studio Ijumaa asubuhi, mbele ya pazia la ndege, picha zikiwa zimepangwa kwenye kaunta. Ile ya omena ilikuwa katikati. Yule mama alikuwa ameshasema hiyo ndiyo itakayokaa mbele ya kalenda. Mzee alimpa Boke nafasi ya kusema kwanza. Boke hakunitazama. "Mzee, sisi tulipiga hizi picha Jumamosi zote. Hakuna hata moja ya siku nyingine. Muulize Akoth mwenyewe kama ameshika kamera Jumamosi."

Nilielewa mara moja alichokifanya, na nilielewa kwamba alikuwa amekifikiria, labda kitandani, miguu yake karibu na kichwa changu. Mzee akavua miwani. "Akoth, binti yangu. Siku ya Bwana, ulipiga picha?" Mbele yangu, kwenye kaunta, rozari ilikuwa inaonekana wazi kabisa. Ningeweza kunyoosha kidole nikasema: Mzee, tazama mkono huu ni wa nani, na kama Boke ameshika wavu, nani ameshika kamera? Asingehitaji shahidi. Lakini shahidi huyo angenishitaki mimi pia. Niliona akilini kwaya, na sare, na mke wa Mzee aliyeishona. "Hapana, Mzee," nikasema. "Hata moja?" "Hata moja." Boke ndipo aliponitazama. Uso wake haukuwa na furaha, nitamtendea haki hiyo. Lakini hakusema kitu. Mzee akaniwekea mkono kichwani, akasema mbele ya wote kwamba amefurahi kuwa na msichana mwaminifu nyumbani mwa Bwana. Kisha yule mama akaandika jina la Boke.

Boke aliondoka mwezi wa tano. Aliniachia jiko na sufuria zote mbili. Nilibaki kwa Mzee hadi studio ilipofungwa, nikaenda kuwa karani, nikaolewa, nikawa shemasi. Sikushika kamera tena mpaka simu zilipokuja na kamera ndani yake, na hata hiyo naitumia kupiga risiti. Kalenda ile ilitundikwa kila ofisi Homa Bay kwa mwaka mzima. Niliikuta hospitalini, niliikuta kwa mwenye kinu. Walikuwa wamekata upande wa kushoto ili maandishi yaenee, kwa hiyo mkono haukuwemo. Nilikuwa nikisema moyoni kikulacho ki nguoni mwako, nikaona nimesema yote. Nilimhesabia Boke kosa lake kila mwaka. La kwangu nililiacha pale chini ya mkono wa Mzee, palipokuwa pametulia.

Basi Jumapili ile ya Migori, baada ya chakula, Boke alituingiza sebuleni tunywe chai. Picha ilikuwa ukutani juu ya kochi, kubwa kama dirisha, nzima, upande wa kushoto ukiwa haujakatwa. Sikuwa nimeiona hivyo tangu siku ile ya dawa. Nilikaa nikashika kikombe kwa mikono miwili. Wageni waliisifu. Boke akaeleza mvua ilivyokuja, wanawake walivyokimbia, yeye alivyosimama kwenye mchanga akangoja omena waruke. Aliisimulia vizuri, ungedhani kweli. Mama Risper, ambaye hapitwi na kitu, akainuka akasogea karibu na ukuta. "Na huu mkono ni wa nani, wenye rozari?"

Boke alikuwa anamimina chai. "Ni wa Akoth," akasema bila kugeuka. "Si nimewaambia alikuwa ananisaidia."

Mama Risper akageuka polepole akanitazama, uso wa shemasi kabisa. "Wewe, Akoth? Ulivaa rozari lini?"

Ilikuwa kana kwamba nimerudi studio ile ile, mbele ya pazia lile lile. Nilikuwa na majibu mawili tena, na moja lilikuwa rahisi: ujana, mama, tulikuwa tunavaa tu. Angenisamehe kabla hatujafika Rongo njiani kurudi. Niliweka kikombe chini. "Sijawahi kuvaa rozari," nikasema. "Huo mkono ni wa Boke. Yeye ndiye alikimbia kusaidia. Mimi ndiye nilikuwa na kamera, mimi ndiye nilifinya, na siku hiyo ilikuwa Sabato. Mzee wa kanisa aliniuliza nikamdanganya."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni mmoja aliinama kutafuta viatu vyake ambavyo havikuwa vimepotea. Boke alisimama na birika mkononi, akautazama mkono ule ukutani kwa muda mrefu, halafu akautazama wake. Kifundo kilikuwa kitupu. Sijui rozari aliiacha wapi. Nilingoja akane. Nilikuwa tayari, nilikuwa na miaka yote ile kifuani ya kumjibu. Lakini aliponigeukia sauti yake ilikuwa ile ya chumbani, ya nyuma ya kinu.

"Si ungesema siku ile, Akoth," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja useme."

Sijui kama ni kweli. Nimeligeuza neno hilo tangu Migori hadi leo, na siku nyingine naamini ni uongo wake wa mwisho na mtamu kuliko yote. Tulipoteremka Homa Bay Mama Risper alinishika mkono kunivusha barabara, na Sabato iliyofuata, waumini walipoitwa kusimama kutoa ushuhuda, alinigusa kiwiko, akajisogeza ili nipate kupita.